Kuiga makutano ya Voi mezani: ufuate ramani au kazi?

Ukitaka kuunda stesheni ya Voi, Kenya, panapokutana reli ya Mombasa na tawi la Taveta, kwa reli za modeli za kipimo cha 1:87, kila kilomita ya yadi itakudai mita 11.5 za meza. Wenye chumba cha namna hiyo ni wachache. Hapo ndipo wapenzi wa modeli wanapogawanyika: wapo wanaotaka kila reli ikae palepale ilipo kwenye ramani ya zamani, na wapo wanaofupisha, mradi stesheni ifanye kazi yake.

Wale wa kwanza wana hoja nzito kuliko wanavyosifiwa. Makutano hayakuchorwa na mtu mmoja siku moja. Reli ya kutoka Mombasa ilipita Voi mwishoni mwa karne ya 19. Tawi la Taveta lilianza kujengwa 1915, Waingereza wakikimbizana na vita dhidi ya Wajerumani, hadi likafika Kahe kwenye reli ya Tanga. Kwenye ramani zenye tabaka kama hizo, kipande cha reli kinachoonekana hakina maana huenda ndiko injini inakoshanta (kusogeza na kupanga mabehewa) bila kuziba njia kuu. Kifute, na treni ya tawi haina pa kupangia mabehewa yake wakati ya Mombasa inapita.

Urefu nao hauna huruma. Garratt za daraja la 59, injini kubwa za mvuke zilizoundwa Manchester 1955 na 1956 na kupewa majina ya milima, zilikaribia mita 32. Kwenye modeli ni zaidi ya sentimita 36 kabla hujafunga behewa hata moja. Fupisha njia ya kupishania bila hesabu hiyo, uone kama treni mbili zitapishana.

Hata hivyo naegemea upande wa pili, na sababu yangu iko Kidatu, Tanzania. Pale reli yenye upana wa mita moja inayotoka Kilosa inakutana na TAZARA, reli ya Tanzania na Zambia, yenye upana wa milimita 1,067. Behewa la kawaida halivuki, mzigo ndio unaohamishwa. Sasa gawa kwa 87: unapata milimita 11.5 na 12.3, na reli za modeli za milimita 12 hutumika kwa zote mbili. Kwa vipimo vitupu, behewa lako litateleza kutoka upande mmoja hadi mwingine, na sababu ya stesheni hiyo kuwepo imekufa. Cha kuiga pale ni pengo: reli mbili zisizounganishwa na pointi yoyote, yaani mahali pa treni kuhamia reli nyingine.

Kwa hiyo chora kwanza ramani nzima kwa vipimo vyake, ya mwaka mmoja uliouchagua (Voi ya 1916 haikuwa na Garratt hizo), na uandike kazi ya kila reli. Penye mbili zenye kazi moja, ondoa moja. Yadi ipunguze utakavyo, lakini pembe za pointi usizikaze ili kuokoa nafasi. Mabehewa marefu yataanguka hapo kila siku.