Maua Yasiyo na Mwenyewe

Mimi ninaamini kwamba safari ni kutoka mahali na kufika mahali, na kwamba njiani mambo mawili tu ndiyo yenye haki ya kumsimamisha dereva: mafuta na trafiki. Imani hiyo imeniponza, kwa kuwa nimeoa mwanamke ambaye akiona ua kando ya lami hupiga ukelele wa "Simama!" kwa sauti ambayo wenzake huitunza kwa ajili ya mtoto anayevuka barabara bila kuangalia.

Pasaka iliyopita tulitoka Dar es Salaam kwenda Kitulo, yaani zaidi ya kilomita 700 hadi Chimala, kisha ule mlima wa kona zaidi ya hamsini kuelekea Matamba. Kitulo ni hifadhi ya taifa iliyoanzishwa mwaka 2005 mahsusi kwa ajili ya maua. Watu huiita Bustani ya Mungu, na okidi peke yake zinatajwa kuwa aina 45. Kwa hesabu yangu, mtu anayekwenda katika bustani ya Mungu mwenyewe hana sababu ya kusimama Mikese kwa ajili ya ua lililoota mtaroni.

Mama Neema hakuikubali hesabu hiyo. Mikese tulisimama. Mikumi alitaka kushuka katikati ya hifadhi, ikanibidi nimweleze kwamba nyati hana habari na picha. Kitonga, ambako malori hupanda kwa kujivuta na mabasi hushuka kwa kusali, nilikataa kabisa kusimama, naye akaninunia hadi Ilula.

Kimya hicho kilivunjwa na alizeti pori mbele ya Mafinga. Zilikuwa za njano, zimejipanga kama wasindikizaji wa bwana harusi, na mzee mmoja alikuwa akizifyeka kwa panga bila huruma. Mke wangu alimwamkia kwa adabu na kumwomba asubiri kidogo apige picha. Mzee aliniangalia mimi, si yeye, kisha akasema, "Pigeni tu, mwanangu, na mkitaka kubeba, bebeni zote."

Kwa kuwa ninaheshimu usalama, nilikuwa nimekata matawi na kuyatandaza nyuma ya gari, kosa ambalo bado ninalijutia. Kila dereva aliyeyaona alipunguza mwendo. Utingo wa lori moja alichungulia na kuuliza, "Mzee, imekufa nini?" Nikajibu kwamba hakuna kilichokufa, tunapiga picha maua, naye akamgeukia dereva wake wakasemezana jambo ambalo namshukuru Mungu sikulisikia. Baadaye akaja trafiki. Alipopata jibu lilelile alilizunguka gari mara mbili, akaomba kuona pembetatu na kizimamoto, kwa maana mtu mzima anayesimama porini kwa ajili ya maua lazima ana jambo analolificha.

Wakati huo suruali yangu ilikuwa imejaa kishona nguo kuanzia kifundo cha mguu hadi gotini, maana nilikuwa nimeamriwa niingie kwenye majani na kusimama pembeni ya ua ili urefu wake uonekane. Nina shahada, nina watoto watatu, na kazi yangu pale ilikuwa rula.

Kitulo penyewe tulifika asubuhi ya siku ya pili, tukakuta ukungu mzito kiasi kwamba okidi tulizifahamu kwa kukaribia kuzikanyaga, na mlinzi wa hifadhi akatuonya.

Jioni Mama Neema alituma ile picha ya alizeti pori kwenye kundi la familia. Hakuna hata mmoja aliyeyataja maua. Shangazi aliuliza kwa nini nimekonda, shemeji akauliza kama ninakula, na mjomba, aliyeyaona yale matawi nyuma ya gari, alinipigia simu palepale kunipa namba ya fundi wake wa Makambako.