Folda ya chama isiwe mali ya mtu mmoja

Mfadhili aliomba kitu kidogo tu: risiti za cherehani kumi na mbili tulizowanunulia akina mama wa chama chetu miaka miwili nyuma. Nilijua ziko wapi. Niliwahi kuziona kwa macho yangu kwenye folda ya pamoja katika Google Drive, hifadhi ya faili ya mtandaoni, kila risiti imepigwa picha na kupewa jina. Nikafungua simu, nikaingia folda ya mwaka ule, nikakuta tupu. Nikadhani ni mtandao, maana hapa Goma mchana huwa mzito. Usiku nikafungua tena kwenye kompyuta ya biro, yaani ofisi yetu. Tupu vilevile.

Nikampigia mhasibu wetu wa zamani, kijana wa heshima aliyetuaga vizuri akaenda kufanya kazi Beni. Akanijibu, "Mama, akaunti yangu ilikuwa imejaa, nikafuta vya zamani." Simlaumu hata kidogo. Akaunti ilikuwa yake binafsi. Google humpa kila mtu GB 15 za bure, na humo humo hukaa barua pepe, picha na faili zote. Zikijaa, hata barua pepe mpya haziingii. Yule kijana alifagia nyumbani kwake. Sisi ndio tuliokuwa tumeweka kumbukumbu za chama nyumbani kwa mtu.

Wengi tunaamini kwamba faili ikishaingia kwenye folda ya pamoja imekuwa ya wote. Sivyo. Kwenye akaunti hizi za bure, faili hubaki ya yule aliyeitengeneza au kuipandisha, hata kama folda yenyewe ni ya mwingine. Akiifuta, inakaa siku 30 kwenye takataka zake, na katika siku hizo anaweza kuirudisha. Zikipita, imekwenda, kwake na kwetu. Sisi tuligundua mwezi wa tatu tangu afute.

Nimesikia mafunzo mengi kuhusu kupanga faili, na karibu yote huanza na majina na rangi za folda. Mimi naona swali la kwanza ni hili: hii ni ya nani, na siku huyo mtu akiondoka itakuwaje? Katika mji wetu hilo si swali la kufikirika. Watu huondoka. Wengine hupata kazi Kampala au Kinshasa, wengine hukimbia na godoro kichwani. Usiku wa tarehe 22 Mei 2021, volkano ya Nyiragongo ilipotema moto, nilitoka nyumbani na watoto na mfuko mmoja wa plastiki wenye karatasi za kiwanja na vyeti vya shule. Kabati la biro, na kaye (madaftari) zote za michango, niliviacha. Bahati nzuri safari ile lava ilisimama pembeni mwa mji, lakini waliokuwepo tarehe 17 Januari 2002 wanakumbuka ilivyopita katikati ya Goma na kufunika maduka na nyumba. Ndiyo sababu tulikimbilia hifadhi ya mtandaoni. Tulitaka kumbukumbu zikae mahali ambapo lava haifiki. Kisha tukazifunga kwenye akaunti ya kijana mmoja.

Sasa chama kina akaunti yake. Nywila imeandikwa kwenye karatasi mbili, bahasha moja kwa Mama Prezida, mwenyekiti wetu, nyingine kwa mtunza hazina, na namba ya simu ya kurudishia akaunti ni ya laini ya chama, si ya mtu. Faili mpya hutengenezwa tukiwa ndani ya akaunti hiyo. Za zamani tunawaomba wenyewe watuhamishie umiliki. Anayehamisha hutuma ombi, na anayepokea lazima akubali. Kuiburuta faili kwenye folda ya chama hakutoshi. Mashirika yanayolipia huduma ya Google yana hifadhi za pamoja ambazo faili ni za shirika tangu mwanzo, na kama mna uwezo huo, msisite. Vyama vidogo kama chetu vinategemea utaratibu tu.

Baada ya hapo ndipo majina. Nilikaa siku nzima mbele ya orodha hii: "raporti final", "raporti final 2", "raporti final ya kweli", "rapport final MAMA PREZIDA". Nne, na ya kweli haikuwa ile iliyoitwa ya kweli. Mtu anayelipia mtandao kwa mwezi hawezi kujua uchungu wa jambo hili. Sisi tunanunua mega, yaani data kidogo kidogo. Kila faili unayofungua kwa kubahatisha ni pesa inayoungua, na baada ya tatu ujumbe unaingia kwamba mega zimekwisha, na raporti bado hujaipata. Kwetu mpangilio mzuri unapunguza matumizi ya biro, na ningependa wafadhili waelewe hivyo.

Tumekubaliana tarehe ianze, tena kwa kugeuzwa: mwaka, mwezi, siku. 2024-03-15. Mazoea yetu ni kuanza na siku, na ukiandika 15-03-2024 kompyuta itapanga tarehe 15 za miezi na miaka yote pamoja. Tazama picha zinazokuja kwa WhatsApp, zile za IMG-20210523-WA0014: jina halina uzuri wowote, lakini tarehe imekaa sawa na zinajipanga zenyewe. Folda nazo tunazipa namba zenye sifuri, 01, 02, 03, na hatushuki zaidi ya ngazi tatu, kwa sababu wengi wanatazama kwenye simu na jina refu hukatwa katikati.

Kilichotusumbua zaidi ni lugha. Mikutano tunafanya kwa Kiswahili, raporti tunaandika kwa Kifaransa, na kila mtu anapotafuta huandika neno lililo mdomoni mwake. Mmoja anatafuta "mkutano", mwingine ameandika "réunion", wa tatu "reunion" bila alama, wa nne "PV", yaani muhtasari wa mkutano kwa Kifaransa. Tulibishana sana. Wengine walitaka kila kitu kiwe Kifaransa kwa sababu ndicho cha wakubwa. Mimi nilikataa na bado nakataa. Mama anayetunza daftari la akiba ana haki ya kuliona daftari lake kwa jina analoliita. Mwishowe kinachokwenda nje kina jina la Kifaransa, cha ndani kina jina la Kiswahili, na maneno yote kumi na manne tuliyokubaliana yameandikwa kwenye karatasi iliyobandikwa ukutani, juu ya meza ya kompyuta.

Halafu kuna ruhusa, na hapa naomba tusifanye haraka. Orodha ya wanachama wetu ina majina, namba za simu, kata wanazokaa na akiba ya kila mmoja. Kwa miezi kadhaa ilikuwa imewekwa kwamba yeyote mwenye kiungo anaweza kuifungua, na kiungo kilikuwa kimetumwa kwenye kundi la WhatsApp lenye watu zaidi ya mia. Katika mji kama huu, kujua mjane fulani anaishi wapi na ana dola ngapi ni hatari kwa maisha yake. Siku nilipoona hilo sikulala. Sasa orodha ile hufunguliwa na watu watatu, kwa majina yao.

Ugumu wake ni heshima. Ukimpa mkubwa ruhusa ya kutazama bila kuandika, anaweza kuona umemdharau. Nilikwenda kwa Mama Prezida nyumbani kwake, nikamwambia kwamba yeye ndiye mwenye bahasha, na mwenye bahasha ndiye mwenye nyumba. Wanaoandika ni wafanyakazi wake. Akakubali, akaongeza kwamba hata mimi nisiwe na ruhusa ya kufuta daftari la akiba. Alikuwa na haki.

Kila miezi mitatu tunanakili yote kwenye diski ya nje, kwa kuwa kinachofutwa huko mtandaoni hufutika pia kwenye kila simu iliyounganishwa. Diski hiyo haikai Goma. Mwanachama mmoja anayefanya biashara huivusha ziwa kwa boti na kuiacha kwa dada yake Bukavu, akirudi na ile ya zamani.

Risiti za cherehani hatukuzipata. Muuzaji alitupigia muhuri nakala za tano kati ya kumi na mbili, nyingine hakuwa nazo tena. Na bado faili kumi na moja za akiba ziko kwenye akaunti ya dada aliyehamia Kampala, hajatutumia ombi la kuhamisha. Jana jioni nimemwandikia tena.