Transmita ya FM ya transista moja: tatizo ni antena, si saketi

Mafundi hawaelewani kuhusu transmita hii ndogo, yaani kifaa cha kurusha sauti hewani hadi kwenye redio ya FM. Kuna wanaotaka kila mwanafunzi wa elektroniki aanze nayo, na kuna wanaoiona kero ya hewani isiyofaa kufundishwa. Ukiwasikiliza vizuri, wa kwanza wanasifu saketi, wa pili wanalalamikia antena.

Kwa kufundisha, sioni mpinzani wake. Zungusha waya wa shaba wa milimita 1 mara 5 juu ya kekee ya milimita 6, uuvute uwe na urefu wa milimita 6. Unapata koili ya kama mikrohenri 0.13 (kipimo cha koili), na ukiiunganisha na kapasita ya pikofaradi 19 (kapasita hutunza chaji, na pikofaradi ni kipimo chake), masafa yake yanakuwa karibu na MHz 100. Ukiipanga kwenye bodi ya matundu, bodi yenyewe ikaongeza pikofaradi 5, umeshashuka hadi MHz 89. Ndiyo maana lazima uunge kwa risasi na ukate miguu ya vifaa iwe mifupi. Kapasita ya pikofaradi 4.7 hadi 10 kati ya kolekta na emita, miguu miwili ya transista, ndiyo inayoifanya saketi itetemeke, yaani itoe wimbi la redio. Bila hiyo utapata ukimya tu. Na ukibadilisha transista aina ya 2N3904 kwa BC547, igeuze: mpangilio wa miguu yao ni kinyume, kosa linalowasumbua wengi.

Upande wa pili nao hauna hofu za bure. FM inaishia MHz 108, na hapohapo yanaanza masafa ya kuongozea ndege. Mwanafunzi anazungusha trima (kapasita ndogo inayorekebishwa ili kubadili masafa), redio iko kimya, anadhani saketi imekufa, kumbe inarusha kwenye MHz 115. Juu ya hayo, antena iliyofungwa moja kwa moja kwenye koili hutoa pia wimbi la MHz 200, na ukiigusa tu masafa yanahama.

Wanaosema "ni betri ya volti 9 tu" wanakosea. Uingereza iliporuhusu transmita ndogo za FM mwaka 2006, kikomo cha nguvu kilikuwa nanowati 50. Miliwati moja ni mara 20,000 ya hapo, na saketi hii inaweza kutoa zaidi. Kwetu nako, iwe Tanzania au Kenya, kurusha matangazo kunataka leseni.

Kwa hiyo mimi naitetea saketi, ila nakataa antena ya waya wa sentimita 75 na transista ya pili ya kuongeza nguvu, kwani bila kichujio transista hiyo inakuza mawimbi yasiyotakiwa pamoja na sauti. Tumia volti 3, usiweke antena, redio ikae mezani palepale. Anza trima ikiwa kwenye uwezo wake mkubwa, redio ikiwa MHz 92 pasipo stesheni, kisha zungusha trima taratibu kwa bisibisi ya plastiki ili masafa yapande. Ukimaliza mzunguko bila kusikia kitu, zima umeme kwanza, ndipo urekebishe koili.