Siku tatu za miguu na malori ya Rais

Agosti 2023, akizungumza na vijana jijini Kigali, Rais Paul Kagame alisema amesikia habari za vijana waliotembea siku tatu kwenda kuhiji. Kwake huko ni kuabudu umaskini, na akaonya kwamba akilisikia tena jambo hilo ataleta malori, awazoe wote na kuwaweka ndani mpaka fikra za umaskini ziwatoke. Kwa Mkatoliki wa Maziwa Makuu, ukimtajia vijana, hija na miguu katika mwezi wa Agosti, akili inakwenda moja kwa moja Kibeho, kituo cha hija cha Bikira Maria kusini mwa Rwanda.

Rais ana hoja, tena si nyepesi. Miezi michache kabla, Kenya ilikuwa inafukua makaburi ya Shakahola, na miili iliyopatikana ilikuja kupita 400, ya watu walioambiwa wafunge mpaka wafe ili wakutane na Yesu. Kiongozi wa nchi jirani akisikia vijana wameacha nyumba zao kwa ajili ya dini, lazima ashtuke. Rwanda pia ina kidonda chake na Kanisa. Aprili 1994 maelfu ya watu waliokimbilia kanisa la parokia ya Kibeho waliuawa humo humo, na mwaka 2017 Papa Fransisko, alipompokea Kagame Vatikani, aliomba msamaha wa Mungu kwa dhambi za Kanisa na watu wake katika mauaji ya kimbari ya 1994. Serikali yenye kumbukumbu hiyo haiwezi kuambiwa iwaamini mapadre hivi hivi tu.

Ila Shakahola na Kibeho havipikwi chungu kimoja. Alphonsine Mumureke, mwanafunzi wa shule ya watawa pale Kibeho, alisema alitokewa na Bikira Maria tarehe 28 Novemba 1981, katika chumba cha chakula, akiwahudumia wenzake mezani. Aliyemtokea alijitambulisha kuwa Nyina wa Jambo, yaani Mama wa Neno. Askofu Augustin Misago alitangaza kuyatambua maono hayo tarehe 29 Juni 2001, karibu miaka ishirini baadaye, na kati ya wengi waliodai kutokewa aliwakubali watatu tu. Kanisa lilimshuku binti yule kuliko serikali inavyomshuku hujaji wa leo.

Sasa hizo siku tatu, maana ndizo zilizoudhi. Tarehe 15 Agosti, Kupalizwa Mbinguni kwa Bikira Maria, ni siku ya mapumziko kitaifa nchini Rwanda. Kwa mwanafunzi, Agosti ile ilikuwa yote likizo: shule zilifungwa Julai, zikafunguliwa mwishoni mwa Septemba. Siku tatu katika likizo ya zaidi ya miezi miwili! Kijana huyo huyo angezimaliza mbele ya televisheni akiitazama Arsenal, timu iliyoanza kuvaa jina la Rwanda kwenye mkono wa jezi mwaka 2018, na hakuna lori ambalo lingekuja. Kama tatizo ni saa zinazopotea, tuhesabu saa zote, na hija haitakuwa juu kwenye orodha.

Tena siku tatu zimo ndani ya ibada yenyewe. Marie Claire Mukangango, mmoja wa wale watatu, ambaye naye aliuawa 1994, alisema alitumwa kueneza Rozari ya Mateso Saba: mafungu saba, kila fungu Salamu Maria saba. Mshike mtu wa Kibeho njiani, vumbi jekundu limempanda mpaka kwenye pindo la kitenge, viatu amevishika mkononi kwa sababu ya malengelenge, umsikilize yuko fungu la ngapi. La pili, Maria anakimbilia Misri na mtoto mchanga. La tatu, anamtafuta mwanawe siku tatu mpaka anamwona hekaluni. La nne, anakutana naye njiani amebeba msalaba. Mateso matatu kati ya saba ni ya mama aliye njiani. Anayeyasali huku anatembea haombi umaskini uongezeke. Anamfuata mwanamke aliyetembea kwa kutafuta, na wengi wao wana cha kutafuta: ada, kazi, mtoto, afya ya mzazi.

Wapo watakaosema wapande gari basi. Wanaweza, kwa sababu serikali hiyo hiyo imeweka lami kutoka Huye mpaka Kibeho, na wageni wanaoshuka kwenye mabasi wanahesabiwa kuwa neema kwa utalii wa Nyaruguru, wilaya ilipo Kibeho. Aliyeteremka kwenye basi na aliyefika kwa miguu wanapanga foleni moja ya maji ya chemchemi, kila mmoja na kidumu chake. Sioni kwa nini mmoja awe mgeni wa nchi na mwingine mgonjwa wa fikra.

Kuna jambo moja ambalo ningempa Rais bila ubishi: watoto. Mwenye miaka kumi na mitatu hapaswi kulala njiani siku mbili bila mzazi au padre anayejulikana kwa jina, na msafara usitembee ukingo wa barabara usiku bila taa. Uganda, maelfu huenda Namugongo kwa miguu kila mwaka kwa ajili ya tarehe 3 Juni, sikukuu ya Mashahidi wa Uganda, wengine kutoka Rwanda na Tanzania, na serikali inakaa meza moja na maaskofu kuiandaa siku hiyo. Malori ya Kigali yangefaa huko nyuma ya msafara, yakibeba maji na waliochoka.