It ya 2017: mtoe klauni, muvi bado ipo

Watu wakiongelea It, ile muvi ya kutisha ya 2017 ya Andy Muschietti, ni yule klauni muuaji Pennywise mwanzo mwisho, na kweli Bill Skarsgård aliyemcheza kaua mle ndani sibishi, ila mi naona ukimtoa yule klauni bado unabaki na muvi kali, ukiwatoa wale watoto saba marafiki wanaopambana naye huna kitu.

Chukua kile kipande cha bafuni kwa kina Beverly, binti pekee kati ya wale saba. Damu imeruka kutoka kwenye sinki, kuta zote nyekundu mpaka dari, baba yake anaingia anasimama katikati ya damu anamuuliza kuna nini, haoni chochote! Halafu wanakuja wale wavulana, wanachungulia, na wao wanaiona. Hapo binti ndo anajua hajachanganyikiwa. Basi wanachukua matambara wanaanza kusugua kuta, wanasugua sakafu, Richie kaachwa nje alinde baba mtu asije akatokea, na hiyo damu wanaitoa yote. Kwangu mimi hakuna kipande kinachoifikia hiki, na klauni hayumo.

Maana wakubwa wa Derry, mji wanakoishi hawa watoto, ndo wanaonitisha zaidi. Ben, mmoja wa wale saba, anapigwa na wale wababe kina Henry pale darajani, gari linapita, watu wazima ndani wanamwangalia kabisa halafu wanaondoka zao. Mama wa mwenzao Eddie anamlisha mwanae dawa ambazo hata sio dawa ili aendelee kujiona mgonjwa asitoke nyumbani, na baba Beverly ndo usiseme. Pennywise anakula hofu, sawa, lakini hofu yenyewe hawa watoto wametoka nayo nyumbani, yeye kaikuta tayari.

Ndo maana ugomvi wa Bill, yule mtoto kiongozi wao, na Richie baada ya kumfuata Pennywise kwenye ile nyumba mbovu ya mtaa wa Neibolt unauma kuliko meno ya klauni, Eddie kavunjika mkono, kila mtu anashika njia yake, na hapo ndo Pennywise anapata nafasi ya kumbeba Beverly.

Na hapo kwa Beverly walinikera kweli. Kwenye kitabu cha Stephen King cha 1986 anashuka kule chini kwenye mitaro ya maji machafu na wenzake kwa miguu yake, hapa kageuzwa wa kuokolewa. Mike naye, mwingine wa wale saba, kule kitabuni ndo mwenye historia ya mji, huku wamempa Ben kazi yake yote, yeye kabaki kama kaongezwa tu ili watimie saba. Muvi inayojua urafiki vizuri hivi ilitakiwa imjue na Mike.