Walioandika uhuru, na waliousubiri

John Locke, mwanafalsafa Mwingereza, alikifungua kitabu chake kuhusu serikali, mwaka 1689, kwa kusema utumwa ni hali dhalili mno, hata ni vigumu kuamini kwamba Mwingereza angeweza kuutetea. Miaka 20 kabla ya hapo, akiwa katibu wa mabwana waliomiliki koloni la Carolina huko Amerika, alishiriki kuandaa katiba iliyompa kila mtu huru mamlaka kamili juu ya watumwa wake weusi. Wanaomtetea husema pale alikuwa karani tu, akiandika aliyoagizwa. Sikatai, huenda. Lakini hisa za Royal African Company, kampuni iliyowavusha Waafrika Atlantiki, alizinunua kwa fedha zake mwenyewe.

Anayeniumiza zaidi ni Voltaire, mwandishi Mfaransa, kwa sababu yeye aliona. Katika riwaya yake Candide (1759) tunamkuta mtumwa wa Suriname, Amerika Kusini, amelala chini, mwilini kabaki na nusu ya kaptura ya kitambaa cha buluu, hana mguu wa kushoto wala mkono wa kulia. Kidole kikinaswa kwenye kinu cha miwa, anaeleza, mkono hukatwa. Ukijaribu kutoroka, unakatwa mguu. Hii ndiyo bei ya sukari mnayokula Ulaya, anasema. Mwandishi huyohuyo aliandika kwingine kwamba watu weusi ni jamii tofauti ya binadamu, yenye akili pungufu.

Utasikia wakisema walikuwa watu wa zama zao. Utetezi huu siukubali. Mwanafalsafa Mskoti David Hume alipodai mwaka 1753 kwamba watu weusi hawajawahi kutoa hata mtu mmoja wa elimu, Anton Wilhelm Amo, mzaliwa wa Axim katika Ghana ya leo, alikuwa ameshatetea tasnifu yake ya falsafa katika chuo kikuu cha Wittenberg, Ujerumani, mwaka 1734, kisha akafundisha Halle na Jena. Na mwaka 1770 James Beattie, Mskoti mwenzake Hume, alimjibu hadharani. Zama zilezile, majibu mawili.

Hata hivyo siwezi kuwatupa wote kapu moja. Mwanafalsafa Mfaransa Diderot alitia kalamu yake katika kitabu cha mwenzake Raynal kilichowatetea watumwa wanaoasi. Kant, mwanafalsafa Mjerumani aliyewahi kuzipanga jamii za watu kwa ngazi, mwaka 1795 alilaani vikali uporaji wa wakoloni. Na Mfaransa Condorcet, katika kitabu chake cha mwaka 1781, alisema wazi kwamba kumfanya mtu mtumwa ni jinai. Maneno ya namna hiyo yaliwapa wapinga utumwa hoja za kusimamia, ingawa watumwa wa Saint-Domingue, Haiti ya leo, walipoinuka Agosti 1791 hawakungoja ruhusa ya mwanafalsafa yeyote.

Ila tuusome mpango wa Condorcet hadi mwisho. Alitaka utumwa uondolewe polepole, kwa takriban miaka 70, na mtoto atakayezaliwa shambani awe huru akitimiza miaka 35. Sasa tuje pwani yetu. Tarehe 14 Septemba 1776, miezi miwili baada ya Wamarekani kutangaza kwamba watu wote wameumbwa sawa, Mfaransa Morice aliwekeana mkataba na Sultani wa Kilwa wa kupewa watumwa 1,000 kila mwaka. Wengi wa waliochukuliwa Kilwa na Wafaransa walipelekwa Île de France, Mauritius ya leo. Mwanamke aliyepakiwa jahazini Kilwa, akajifungua kule mwaka ambao kitabu cha Condorcet kilitoka, mtoto wake angeachiwa huru mwaka 1816. Hayo ni kwa mpango wa mtu aliyekuwa upande wake.