Dhikra, Zikra au Thikra?

Jina lenyewe halikutusumbua. Tulikubaliana jioni moja, bila ugomvi, kwamba binti yetu ataitwa Dhikra, na kila aliyelisikia alisema ni jina zuri na la nadra hapa mtaani. Balaa ilianza pale mtu alipouliza tutaliandikaje.

Mama mkwe, ambaye ni mtu wa Pemba na hana mchezo na matamshi, anashikilia Dhikra, kwa hoja kwamba herufi ya Kiarabu iitwayo dhali ndivyo inavyoandikwa katika Kiswahili sanifu, kama katika dhahabu na dhambi. Nisingekuwa na neno, isipokuwa majirani zetu wa bara hiyo dhahabu wanaiita zahabu, na ndugu zetu wa Kongo hata Ramadhani wanamwandika Ramazani, kwa hiyo mtoto atakuwa Zikra apende asipende. Shemeji yangu aliyeko Uingereza naye amepiga simu usiku kutuonya kwamba huko dh haijulikani, hivyo tuandike Thikra. Nilimwuliza shemeji huyo, je, mwalimu wa darasa la kwanza ataisomaje hiyo th, ikiwa ameizoea katika thelathini na thamani, naye akanijibu kwamba mimi sina maono ya mbali.

Mdogo wa mke wangu ndiye aliyenimaliza. Yeye anataka Dhikrah, eti h ya mwisho huliongezea jina heshima. Nilipomwuliza hutamkwaje, alisema haitamkwi. Basi binti yangu akae na herufi isiyofanya kazi maisha yake yote, kama mgeni aliyeaga Jumatatu na Ijumaa bado anaulizia chai! Ustadhi alijaribu kutuokoa kwa kueleza kwamba neno hili kwa Kiarabu huishia kwa alifu maksura, yaani a ndefu ya mwisho, wala si ta marbuta, ile inayosikika kama h mtu anapotua, hivyo hiyo h haina hata pa kutokea. Alishukuriwa sana, akapewa kahawa, akapuuzwa. Wazee wetu walioandika Kiswahili kwa herufi za Kiarabu walistarehe: walitia nukta moja juu ya dali, ikawa dhali, wakaendelea na shughuli zao.

Wakati huohuo siku 90 za kusajili kizazi hazitusubiri, na herufi tutakayoiandika leo ndiyo itakayofuatwa kwenye cheti cha shule, kitambulisho cha taifa na pasipoti. Ikitofautiana popote, ni kwenda kwa wakili kuapa, kwa gharama yangu, kwamba Dhikra na Zikra ni mtu mmoja.

Jana niliamua kutumia mamlaka ya baba. Nilichukua fomu, nikaandika Dhikra kwa kalamu ya wino, na nyumba nzima ikanyamaza. Ndipo mke wangu akaniuliza, kwa upole mno, jina la pili tuandike Athumani la cheti cha shule, Athuman la leseni, au Othman la kitambulisho. Mama mkwe tayari ameomba miwani yake.